Tumbo, lakini wapi?

Mchuma chai wa Kericho au Bomet akifika zahanati husema, "Daktari, tumbo inauma." (Sarufi tuisamehe leo.) "Wapi hasa, mama?" Naye hupitisha kiganja kuanzia mbavuni hadi kinenani, kote kunakofunikwa na ile aproni ya plastiki ya kuzuia umande shambani.

Vitabu vya utabibu hulikata tumbo kwa mistari miwili ya wima na miwili ya ulalo, zikapatikana sehemu 9. Mwenye haraka hupiga msalaba kitovuni, zikawa 4. Kiswahili nacho hakikulala. Chini tu ya mfupa wa kidari pana chembe cha moyo, jina ninalolipenda ingawa moyo wenyewe hauko hapo. Kando ni ubavu, katikati kitovu, chini kinena. Majina haya yana kazi: kidole tumbo mara nyingi huanza kuuma karibu na kitovu, kisha maumivu yakahamia chini, upande wa kulia. "Tumbo" tupu halisemi hayo. Tena ni mimba pia, na ndugu wa mama mmoja ni wa tumbo moja.