Nani aliyehakiki intarapti za simu yako?

Machi 17, 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliandika barua iliyowachoma wahandisi wa chipu za ARM duniani kote. Barua hiyo haikuzungumzwa Ukunda wala Msambweni, huku Kwale. Lakini mwaka huohuo Safaricom ilikuwa ikiuza simu ndogo ya Huawei iitwayo Ideos kwa takriban shilingi 8,000, na kwa Wakenya wengi hiyo ndiyo iliyokuwa simu ya kwanza ya Android. Ndani yake mlikuwa na chipu ya Qualcomm yenye muundo wa ARM, na juu ya chipu hiyo kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi. Ugomvi wa Torvalds ulihusu simu za aina hiyo hasa.

Leo wakala wa M-Pesa pale Ukunda, mvuvi wa Gazi anayempigia tajiri wake kabla ngalawa haijafika pwani na mwanafunzi wa Msambweni anayesoma kwa simu ya mamake wote wanategemea kazi iliyotokana na ugomvi ule. Hakuna aliyewasimulia historia yake. Huo ni upungufu, maana ni historia ya watu waliogombana juu ya jambo la maana, na waliogombana kwa hoja.

Prosesa ya simu haikai macho ikiuliza kila mara kama skrini imeguswa. Ingefanya hivyo betri ingekwisha kabla ya adhuhuri. Inalala, au inaendelea na kazi nyingine, mpaka kifaa fulani kipige hodi: kidole kimegusa skrini, modemu imepokea ujumbe, saa ya ndani imefika. Hodi hiyo ndiyo intarapti. Kwa kuwa vifaa ni vingi na wanaobisha hodi hawangojani, huwekwa kidhibiti cha intarapti, yaani sakiti inayopokea hodi zote, kupanga ipi itangulie na kuipa prosesa moja baada ya nyingine. Draiva ya kidhibiti hicho ni sehemu ndogo ya kerneli inayojua kukisemesha: kufunga mlango mmoja, kuufungua, kukiri kwamba hodi imesikika, kutangaza kwamba shughuli imekwisha. Mara nyingi ni mistari mia chache tu ya msimbo. Ikikosewa, hakuna kingine ndani ya simu kitakachofanya kazi ipasavyo.

Aliyeliona hilo mapema ni Mholanzi Edsger Dijkstra. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika kituo cha hisabati cha Amsterdam, wenzake Bram Loopstra na Carel Scholten walikuwa wakibuni mashine mpya, Electrologica X1, na wakataka iwe na intarapti. Dijkstra ndiye angeandika programu zake. Katika kumbukumbu alizoandika uzeeni anasimulia kwamba aliingiwa na hofu. Mpaka wakati huo, programu iliyokosea ilikosea vilevile kila ukiirudia, hivyo kasoro yake ilitafutika. Intarapti ingekuja wakati wowote, kati ya amri yoyote na nyingine, na kosa la leo lisingeweza kurudiwa kesho ili lichunguzwe.

Wenzake walimbembeleza na kumsifu hadi akakubali kulisoma pendekezo lao. Akajiuliza swali moja: je, inawezekana kuthibitisha kwamba kazi iliyokatizwa itaendelea baadaye kana kwamba hakuna kilichotokea, katika kila hali? Alichothibitisha ni kinyume chake. Kwa utaratibu waliokuwa wamependekeza, haikuwezekana, na ikabidi pendekezo libadilishwe. Yeye mwenyewe anakiri kwamba hali ambazo zingeleta hitilafu zilikuwa adimu sana. Mashine ingeweza kujaribiwa muda mrefu bila kuonyesha dosari yoyote. Ndiyo maana kazi ile ilimtia imani ya kutegemea hoja kuliko majaribio. Mwaka 1959 alipata shahada ya uzamivu kwa tasnifu iliyotokana na kazi yake kwenye X1, na anasema hata miaka saba baadaye aliendelea kukuta kasoro katika intarapti za mashine mpya zilizoingia sokoni. Mimi nauhesabu uhakiki ule kuwa mkubwa kuliko mengi yanayosifiwa katika historia ya kompyuta, kwa sababu ulifanywa mashine haijaundwa.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Agosti 1981 IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani ikiwa na chipu ya Intel 8259A, yenye milango minane. Mwaka 1984 ilitoka AT yenye chipu mbili zilizounganishwa, na milango 15 ya kutumika. Waliowahi kutengeneza kompyuta kuukuu za saiba miaka ya tisini wanakumbuka adha ya kadi ya sauti na kifaa kingine kung'ang'ania mlango mmoja. Agosti 1991 Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 mjini Helsinki, akatangaza kerneli yake kwa ajili ya mashine za ukoo huohuo.

Humo mwanzoni kulikuwa na kishughulikiaji kimoja kikubwa kilichojaribu kuhudumia kila aina ya intarapti. Maelezo rasmi ya sehemu hiyo ya kerneli, yaliyoandikwa na Thomas Gleixner na Ingo Molnar, yanampa sifa Mwingereza Russell King, aliyekuwa akiitunza Linux ya ARM. King alizitenga aina zake. Ipo intarapti ya usawa, ambayo waya hubaki juu mpaka kifaa kihudumiwe. Ipo ya ukingo, ambayo waya hupiga mara moja tu, na usipoinasa papo hapo imepotea. Ipo nyepesi isiyohitaji chochote. Gleixner na Molnar wakaongeza aina nyingine, wakaufanya mfumo huo uwe wa mashine zote, na ukaingia katika Linux 2.6.18 iliyotoka Septemba 2006. Baada ya hapo mwandishi wa draiva hakuhitaji tena kuandika mtiririko mzima. Alitakiwa kueleza tu chipu yake inafunga vipi, inafungua vipi, inakiri vipi. 

Lakini dunia ya ARM ilikuwa imekwenda mrama. Kompyuta za mezani zilifuata mfano wa IBM, ndiyo maana kerneli moja ilitosha karibu zote. ARM ilikuwa kinyume. Kampuni ya ARM, ya Cambridge, iliuza muundo wa prosesa tu. Texas Instruments, Samsung, Qualcomm, Nvidia na wengine waliizungushia saa zao, pini zao na, wakati ule, mara nyingi vidhibiti vyao wenyewe vya intarapti. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Kila familia ya chipu ilikuwa na folda yake ndani ya Linux, na folda hizo zilifika makumi. Mhandisi alipewa miezi michache simu iwe dukani, basi alichukua folda ya chipu iliyotangulia, akainakili, akabadilisha majina na namba, akaituma. Kasoro nayo ilinakiliwa. Folda za OMAP, yaani chipu za Texas Instruments, za Samsung na za Qualcomm kila moja ilikuwa na mafaili yake ya intarapti.

Machi 2011, wakati wa kukusanya mabadiliko ya toleo la 2.6.39, Torvalds alipokea rundo la kazi za OMAP ya Texas Instruments. Majedwali ya saa za chipu yakagongana na kazi za wengine, kama yalivyokuwa yakigongana kila mara. Akajibu kwa hasira, kwa neno ambalo gazeti hili haliwezi kulichapisha, kwamba jambo zima la ARM ni kero na wahusika waache kukanyagana.

Majibu yalimiminika kwa wiki kadhaa. Wapo waliosema lawama ni za waunda chipu, si za waandishi wa msimbo, maana mwandishi hana uwezo wa kumlazimisha mhandisi wa sakiti afanane na jirani yake. Torvalds mwenyewe aliwalaumu wabunifu wa chipu pia, lakini alishikilia kwamba hapakuwa na mtu anayeiangalia ARM nzima kwa jicho moja. Palikuwa na Russell King, na mzigo ulikuwa umemzidi mtu mmoja. Nikiisoma kumbukumbu ya mabishano yale naona kila upande ulikuwa na haki yake, ila Torvalds alikuwa na haki katika lile lililo kubwa: msimbo uliokuwa ukiingia haukuwa ukihakikiwa. Ulikuwa ukipokelewa tu.

Suluhu ilikuja kwa hatua. Arnd Bergmann na wenzake waliunda kundi la kupokea kazi za chipu zote za ARM na kuzichuja kabla hazijamfikia Torvalds. Grant Likely na wengine wakaharakisha mti wa vifaa, yaani faili ya maelezo inayoieleza kerneli kifaa gani kipo wapi na kinatumia intarapti namba ngapi, ili habari hizo zitoke ndani ya msimbo. Vidhibiti vya intarapti vikapewa folda yao ya pamoja, irqchip, ambamo draiva hukaa jirani na kulinganishwa. Linux 3.7 ilipotoka Desemba 2012, kerneli moja iliweza kuwaka kwenye chipu za ARM za watengenezaji tofauti. Ile folda ya Qualcomm iliyozihudumia simu za zama za Ideos baadaye ilifutwa.

Toka hapo kuandika draiva ya aina hii kumekuwa ni kuingia darasani. Mwandishi hutuma kiraka, yaani mabadiliko ya msimbo, na wahakiki humrudishia maswali. Kwa nini umekiri intarapti ya ukingo baada ya kuihudumia na si kabla? Ikipiga tena katikati, si utakuwa umeifuta bila kuiona? Umetumia kufuli la kawaida. Je, kwenye kerneli ya muda halisi, ambako kufuli hilo linaweza kulala, itakuwaje? Katika GIC, kidhibiti kilichosanifishwa na ARM, namba 0 hadi 15 ni za prosesa kuitana zenyewe, 16 hadi 31 ni za vifaa vya kila prosesa binafsi, na vifaa vya pamoja huanza 32. Lakini mti wa vifaa huzihesabu hizo za pamoja kuanzia sifuri. Mgeni asiyelijua hilo atakosea kwa 32 kamili na kusubiri hodi kwenye mlango usio wake. Na intarapti ya usawa ikikiriwa bila kifaa chenyewe kunyamazishwa, hurudi papo hapo, tena na tena, mpaka mashine igande. Linux ina ulinzi wake: katika intarapti 100,000 zikipita 99,900 bila yeyote kuzishughulikia, huufunga waya huo na kuandika kwamba hakuna aliyejali.

Maswali hayo ni yaleyale ya Dijkstra. Simu inaweza kupita majaribio yote kiwandani ikiwa na kasoro ya namna hii, halafu igande mkononi mwa wakala katikati ya muamala. Anayeweza kuikamata mapema ni msomaji mwenye subira.

 Novemba 2024 Linux 6.12 ilitoka ikiwa imeunganishwa na kazi ya muda halisi, ambayo Gleixner alikuwa ameishughulikia kwa takriban miaka 20, na ambayo inategemea sana utaratibu ule wa 2006.

Sisi huku kusini mwa Pwani tumo wapi? Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa Kodris Africa wa kufundisha usimbaji shuleni, na ni hatua njema. Lakini mtoto wa Kwale anafundishwa kuandika msimbo wake, hafundishwi kusoma wa mwenzake na kuuliza unaweza kuvunjikia wapi. Mgodi wa Base Titanium ulimaliza uchimbaji Desemba 2024, na tangu hapo mikutano juu ya ajira za vijana inazungumzia utalii, kilimo, na kazi za mtandaoni za kuingiza data. Uhandisi wa chini kabisa, huu unaoendesha kila simu, hautajwi, kana kwamba umeumbwa kwa watu wa Helsinki na Cambridge tu.

Linaloniuma zaidi ni la lugha. Maelezo ya kerneli yana folda za tafsiri: Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano, Kihispania. Kiswahili hakimo. Na si kwamba hatuna historia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili kwa jina la Jambo. Waliofanya kazi ile walionyesha kwamba inawezekana, kisha tukawaacha peke yao.

Vifaa vya kuanzia si ghali. Laptopu ya mtumba inatosha, kwa sababu QEMU, programu ya bure iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, huigiza mashine nzima ya ARM pamoja na kidhibiti chake cha GIC. Kijana akiwa Msambweni anaweza kuivuruga draiva kwa makusudi, akabadilisha mpangilio wa kukiri na kuhudumia, na kuona kerneli ikiganda bila kuharibu simu ya mtu. Faili la kusoma ni irq-gic.c. La kutafsiri ni genericirq, yale maelezo ya Gleixner na Molnar.