Njiwa Mmoja, Minara Miwili

Njiwa ni yule yule, ila mabwana wa Ufaransa walimfugia hasa nyama na fahari, na wakulima wa Isfahan, Uajemi, wakamfugia samadi. Tofauti hiyo inasomeka ukutani.

Mnara wa njiwa wa Manoir d'Ango, Normandy, ulijengwa karne ya 16 kwa ajili ya Jean Ango, tajiri wa meli. Kwa nje, matofali na mawe ya rangi mbalimbali yamepangwa kama nakshi za mkeka: mwenyewe alitaka utazamwe. Ndani ya minara ya aina hii mara nyingi husimama nguzo inayozunguka, imebeba ngazi, ili mtumishi afikie kila kiota na kutoa makinda ya kupikwa. Kaskazini mwa Ufaransa mnara kamili ulikuwa haki ya bwana mwenye ardhi. Njiwa wake walishuka kula mbegu za mkulima, na mkulima hakuruhusiwa kuwaua. Mapinduzi ya Ufaransa yaliifuta haki hiyo mapema, Agosti 1789.

Minara ya Isfahan ya enzi za wafalme wa Safavi ni ya matofali ya udongo. Chardin, msafiri Mfaransa wa karne ya 17, alikadiria kuwa ilizidi 3,000 kuuzunguka mji. Huku mali ilikuwa sakafuni: mlango ulifunguliwa, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, samadi ikazolewa na kupelekwa kwenye mashamba ya matikiti. Ndege aliyemnyang'anya mkulima wa Normandy, hapa alimneemesha.

Adui tu ndiye aliyewafanya mafundi wafanane. Mfaransa alizungushia ukuta ukanda wa vigae laini ili panya ateleze. Mwajemi akapiga ukanda wa lipu dhidi ya nyoka.

Leo baadhi ya minara ya pande zote mbili imo katika orodha za urithi wa taifa, lakini orodha haiifai kwa kiasi kimoja. Jiwe huvumilia kukaa tupu. Udongo usiokandikwa tena humomonyolewa na mvua, na mbolea ya viwandani iliwaondolea watu sababu ya kuukandika. Hali ni tofauti kwenye Delta ya Nile, Misri: ambako kinda la njiwa bado ni kitoweo cha heshima, wenye minara huitengeneza wenyewe.

Cheti cha urithi kinautosha mnara wa Ango, uliojengwa kutazamwa. Ule wa Isfahan ulijengwa ufanye kazi. Anayetaka kuulinda aanze kwa kuutafutia mnunuzi wa samadi.