Chevrolet ya Makadara na matundu ya bolti

Kwa kawaida hapa tunazungumzia programu za tarakilishi, lakini leo tutoke nje kidogo, twende mtaani Makadara, hapa kisiwani Mombasa.

Kuna mzee jirani yangu ana Chevrolet ya mwaka 1956 aliyoachiwa na marehemu babake. Usukani uko kulia, injini ni V8, na imekufa. Mjukuu wake anaolewa, na mzee anataka bibi harusi apandishwe gari hilo. Fundi kamwambia, "Mzee, tufunge injini ya Toyota, mambo yaishe." Mzee akanigeukia mimi: "Mwanangu, wewe ni mtu wa mitambo. Nikitia injini ya Kijapani, hili litakuwa gari la baba bado?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nilikwenda kusoma, na haya ndiyo niliyorudi nayo.

Kwanza, hata huo Umarekani wa gari una walakini. Ford ya Canada ilianzishwa 1904 ikiwa na haki ya kuuza katika himaya ya Uingereza, ukiiacha Uingereza kwenyewe. Baadaye General Motors ya Canada nayo ikaingia biashara hiyo hiyo. Ndiyo maana magari mengi ya "Kimarekani" ya usukani wa kulia yaliyofika makoloni yalitoka Canada.

Pili, injini. Tangu 1929 Chevrolet iliuza injini ya silinda sita. Mwaka 1955 wahandisi chini ya Ed Cole wakatoa V8 ya lita 4.3, nguvu za farasi 162. Sasa sikiliza hapa: matundu ya bolti nyuma ya injini ile, pale inaposhikana na giaboksi, yalibaki palepale miaka nenda miaka rudi. Lita ziliongezeka, karabureta ikaondoka, tarakilishi ikaingia, matundu hayakuhama. Hata kizazi kipya cha LS cha mwaka 1997 kilibakisha karibu yote. Mwaka 2011 General Motors walihesabu injini ya milioni 100 ya ukoo huo. Sisi waandishi wa programu tunaita jambo hili kiolesura: ukiacha mahali pa kuungania vilevile, ndani unaweza kubadilisha utakavyo.

Wacuba hawakuwa na bahati hiyo. Baada ya mapinduzi ya 1959 Marekani iliwawekea vikwazo vya biashara, vikakamilika 1962, na vipuri vikakatika. Mafundi wa Havana wakafunga injini za Volga kutoka Urusi, baadaye dizeli za Kijapani. Hakuna tundu lililolingana. Walichonga vipande vya kuunganishia wenyewe, na magari yale yanatembea hadi leo.

Hapa kwetu hatukuwekewa vikwazo, sisi tuliponzwa na petroli. Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 pipa la mafuta lilipanda kutoka kama dola 3 hadi karibu 12, na V8 ikawa kama mgeni mlafi. Miaka ya 1990 Kenya ilipolegeza masharti ya uagizaji, magari yaliyotumika Japani yakamiminika Kilindini, pamoja na injini zao. Mojawapo ni Toyota 3L, dizeli ya lita 2.8, ambayo fundi yeyote wa matatu anaijua.

Lakini matundu hayalingani na ya Chevrolet. Kwa hiyo fundi huchukua injini pamoja na giaboksi yake, hutengeneza vikalio vipya, kisha propela shafti hukatwa ama kurefushwa na kusawazishwa isije ikatetemesha gari zima. Nguvu zinashuka kutoka farasi 162 hadi takriban 90. Na kuna karatasi: namba ya injini imo kwenye logibuku, ikibadilika sharti NTSA wajulishwe, la sivyo gari na hati zake haviambatani.

Nikamrudia mzee. Nikamwambia: mzee wangu, chesisi ni ile, bodi ni ile, mlango aliokuwa akiufunga babako ni ule ule. Gari ni lake. Ila usikubali kukatwa kitu kisichoweza kurudishwa. Na V8 usiiuze chuma chakavu: itie mafuta kwenye silinda, izibe matundu, ifunike, iweke pakavu. Sisi hatufuti programu ya zamani kabla ya kuweka nakala. Akija kitukuu mwenye pesa na subira, ataikuta.

Mzee akanyamaza, akapangusa boneti kwa kiganja. Kisha akamwita fundi: "Huyo Mjapani mfunge kwa bolti. Kwenye chesisi ya baba sitaki kuona moto wa kuchomelea."

Fundi kaguna, maana kazi imeongezeka siku tatu. Lakini kakubali.