Jeni Moja, Majina Matatu: Historia ya Istilahi za Kromosomu X Tete

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi aghalabu hufikiriwa kuwa ni kukipa jina kitu ambacho tayari kinajulikana. Mtaalamu hugundua, wenzake hukubaliana juu ya jina, kisha mfasiri huja nyuma yao akitafuta kisawe. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo. Tutaeleza historia ya badiliko moja la jeni ambalo hugusa ubongo na viungo vya uzazi kwa pamoja, na ambalo madhara yake, kwa zaidi ya nusu karne, yalifichwa kwa sehemu na majina yaliyotumiwa kuyaeleza.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, hatua za ugunduzi wake zinajulikana vizuri. Pili, maneno ambayo mfasiri wa Kiswahili huyakimbilia anapokutana nalo ni maneno ya nyumbani, yenye uzito wa hukumu, nayo hayana budi kupimwa kabla ya kuandikwa katika kitabu cha shule au fomu ya hospitali.

Maneno mawili ya msingi

Neno ambalo sisi tumelichukua kuwa "jeni" lilibuniwa na Wilhelm Johannsen wa Denmark mwaka 1909. Miaka michache kabla yake, yaani 1901, Hugo de Vries wa Uholanzi alikuwa ameanza kuchapisha nadharia yake ya mabadiliko katika viumbe. Alikuwa ameona mimea iliyotofautiana na wazazi wake kwa mruko mmoja, naye akaona kuwa mruko huo ndio kiini cha jambo. Mfasiri anayeandika "mabadiliko ya ghafla ya jeni" bado anamfuata de Vries, pengine bila kujua. Tutaona hivi punde kwamba neno "ghafla" halifai, kwani yako mabadiliko yanayokua kidogo kidogo kutoka kizazi hadi kizazi. Kwa hiyo katika makala haya tutasema "badiliko la jeni" tu.

Ukoo wa mwaka 1943

Mwaka 1943, huko Uingereza, J. Purdon Martin na Julia Bell walichapisha maelezo ya ukoo mmoja ambamo wanaume kadhaa walikuwa na ulemavu mkubwa wa akili, na ulemavu huo ulipita kwao kupitia mama zao. Watafiti hao walionyesha kwamba urithi wa namna hiyo unahusiana na jinsia. Leo tunaeleza kwamba mwanamume ana kromosomu X moja tu, aliyoipata kwa mama yake; ikiwa na kasoro, hana nyingine ya kumsaidia. Mwanamke anazo mbili.

Tangu hapo wanawake wa koo kama hizo waliitwa kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni "wabebaji". Tunamwomba msomaji aliweke neno hili akilini, maana ndilo lililoleta tatizo. Mbebaji ni mtu achukuaye mzigo wa mwingine. Mzigo unampita mikononi, nao si wake. Madaktari waliposema "mbebaji" walimaanisha mtu mzima wa afya ambaye atawarithisha watoto wake ugonjwa usiomgusa yeye. Hivyo ndivyo jina lilivyosema, na kwa muda mrefu wengi hawakuona haja ya kumwuliza mbebaji habari za afya yake mwenyewe.

Jina la kromosomu

Mwaka 1969 Herbert Lubs, nchini Marekani, alitazama kwa hadubini kromosomu za wanaume wa ukoo mmoja wenye ulemavu wa akili, akaona kwamba karibu na ncha ya mkono mrefu wa kromosomu X palikuwa na mwanya, kana kwamba kipande kile kinataka kukatika. Wengine walipojaribu kuuona mwanya huo mara nyingi hawakufanikiwa. Mwaka 1977 Grant Sutherland wa Australia alieleza sababu: mwanya huonekana tu pale seli zinapokuzwa katika maji ya maabara yenye upungufu wa asidi ya foliki. Baada ya hapo uchunguzi ukawezekana, na mwaka 1981 ilithibitishwa kwamba ukoo wa Martin na Bell nao ulikuwa na hali hiyohiyo.

Jina la Kiingereza lililoenea linasema kwamba kromosomu hii huvunjika upesi. Kwa Kiswahili tunapendekeza "kromosomu X tete", kwa maana ile tunayoikusudia tunaposema "hali tete". Hatupendekezi "kromosomu dhaifu", kwa sababu udhaifu huo ni wa kwenye chupa ya maabara. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe ana kromosomu dhaifu, atadhani kwamba mtoto anahitaji kulishwa zaidi au kulindwa asianguke.

Kitendawili na jibu lake

Katikati ya miaka ya 1980 Stephanie Sherman na wenzake walionyesha jambo la ajabu katika koo hizi. Walikuwapo wanaume walioirithisha kromosomu hiyo ilhali wao wenyewe wana akili timamu. Ndugu zao wa kiume walipatwa na ulemavu mara chache, lakini wajukuu wao, waliozaliwa na binti zao, walipatwa mara nyingi zaidi. Ugonjwa ulikuwa kana kwamba unaongezeka nguvu kadiri vizazi vilivyosonga mbele. Mwaka 1985 Marcus Pembrey na wenzake walitoa wazo kwamba kunako "badiliko la awali" lisilodhuru akili, ambalo likipita kwa mwanamke huweza kugeuka kuwa "badiliko kamili".

Mwaka 1991 makundi ya watafiti wa Uholanzi, Marekani, Ufaransa na Australia yaliifikia jeni yenyewe, ikapewa kifupisho FMR1. Mwanzoni mwa jeni hiyo kuna herufi tatu za kikemia, CGG, zinazorudiwarudiwa kama kibwagizo. Watu walio wengi wana marudio yasiyozidi 44. Mwenye marudio kati ya 55 na 200 ana badiliko la awali. Yakizidi 200 ni badiliko kamili: jeni hufungwa kwa alama za kikemia, na protini yake haitengenezwi. Protini hiyo hufanya kazi katika maungio ya seli za ubongo, ambako husimamia utengenezaji wa protini nyingine nyingi. Inapokosekana, usimamizi huo hulegea, na mtoto huwa na ulemavu wa akili, na mara nyingi usonji pia.

Kitendawili kikateguka. Marudio huongezeka kutoka kizazi hadi kizazi, hasa yanapopitia kwa mama. Na kadiri yalivyo mengi kwa mama ndivyo uwezekano wa kuvuka 200 kwa mtoto unavyozidi. Hapa hapana "ghafla" ya de Vries.

Ubongo na uzazi

Madaktari walikuwa wamekwisha kuona kwamba wanaume wengi wenye badiliko kamili huwa na korodani kubwa kuliko kawaida baada ya balehe. Mwaka 1994 watafiti wa Uholanzi na Ubelgiji walieleza habari za panya waliowazalisha bila jeni hiyo kufanya kazi. Panya hao nao walikuwa na korodani kubwa, na walionyesha kasoro katika kujifunza. Hivyo ikadhihirika kwamba katika mamalia jeni moja inahudumu kichwani na katika viungo vya uzazi.

Vipi basi wabebaji? Tangu miaka ya 1980 walikuwapo madaktari walioandika kwamba baadhi ya wanawake hawa hukoma hedhi mapema mno. Jambo hilo lilishukiwa kwa muda, maana lilipingana na jina lenyewe: mbebaji hana ugonjwa. Mwaka 1999 uchunguzi wa mataifa mbalimbali ulimaliza ubishi. Kati ya wanawake 395 wenye badiliko la awali, 63, yaani asilimia 16, walikuwa wamekoma hedhi kabla ya umri wa miaka 40. Kati ya wanawake 128 wenye badiliko kamili hakuwapo hata mmoja. Msomaji atafakari hesabu hiyo. Waliodhaniwa kuwa na nusu ya ugonjwa ndio waliodhurika ovari, na wenye ugonjwa wote hawakudhurika.

Mwaka 2001, huko California, Randi Hagerman na wenzake walichapisha habari za wazee watano wa kiume wenye badiliko la awali, ambao mikono yao ilitetemeka, na uwezo wao wa kupanga mambo ukapungua. Dalili hizo zilikuwa zimejulishwa kwanza na akina mama waliowaleta watoto wao kutibiwa, wakasema kwamba baba zao nao wanatetemeka. Mpaka hapo wazee wa namna hiyo waliweza kupewa jina la ugonjwa mwingine wa mishipa ya fahamu, au kuambiwa ni uzee tu.

Sababu ya madhara haya ni tofauti na ile ya badiliko kamili. Katika badiliko la awali jeni haikufungwa. Bali hutoa RNA mjumbe kupita kiasi, na RNA hiyo yenye marudio mengi huidhuru seli. Uchunguzi wa panya uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba RNA ya namna hiyo yatosha kuleta upungufu wa ovari.

Kwa hiyo katika nyumba moja babu anatetemeka, mama amekoma hedhi akiwa na miaka 34, na mjukuu hawezi kufuata masomo. Watu watatu hawa walikwenda kwa madaktari watatu, wakapewa majina matatu, na faili tatu zikafungwa. Jeni ilikuwa moja.

Marekebisho ya majina

Wataalamu wenyewe wamerudi kuyasahihisha majina yao. Hali ya ovari ilikuwa ikiitwa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya "kushindwa". Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 wengi wamerejea kwenye neno "upungufu", ambalo Fuller Albright alilitumia mwaka 1942. Hii si adabu tu. Kati ya wanawake wenye hali hii, asilimia 5 hadi 10 hushika mimba baada ya kuambiwa wanayo. Jina la kushindwa lilikuwa si kweli.

Vilevile herufi M na R katika FMR1 zilikuwa kifupi cha maneno yenye maana ya akili iliyodumaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni iliyabadilisha, ikaziacha herufi zilezile: M sasa ni ya "mjumbe", na R ni ya "ribonukleoprotini". Jeni ikaitwa kwa kazi yake, wala si kwa aibu ya mgonjwa.

Mapendekezo yetu

Kiswahili kinaingia katika uwanja huu baada ya makosa hayo kujulikana, na hiyo ni nafuu kubwa. Tunatoa mapendekezo yafuatayo.

(a) Neno "mbebaji" litumike kwa yule tu ambaye imethibitishwa kwamba hadhuriki. Katika ugonjwa huu tuseme "mwenye badiliko la awali", na kamusi ieleze kwamba uawali huo ni wa vizazi, si kusema kwamba madhara hayajaanza.

(b) "Tasa" na "mgumba" si visawe vya upungufu wa ovari. Maneno hayo humhukumu mtu mzima, tena kwa maisha yake yote, ilhali mwanamke mwenye hali hii huenda tayari ana watoto, au atapata mwingine. Tuseme "upungufu wa ovari".

(c) "Taahira" na "punguani" ni matusi. "Mtindio wa ubongo" nao huelekeza fikira kwenye madhara yaliyoupata ubongo wakati wa mimba au wa kuzaliwa. Jamaa watamlaumu mkunga, na hawatapimwa. Tuseme "ulemavu wa akili wa kurithi".

(d) Hedhi, ovari na korodani zitajwe kwa majina yao. Wako wafasiri wanaoandika "matatizo ya kike" kwa kuona haya. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba mficha uchi hazai.

(e) Kila mojawapo ya istilahi hizi inapoandikwa katika kamusi au kitabu cha mwalimu, izitaje nyingine mbili, ili asomaye habari za mtoto aelekezwe kuuliza habari za mama na babu.

Hitimisho

Huenda wakatokea watakaosema kwamba vipimo vya jeni ni haba kwetu, na kwamba mjadala huu ni wa nchi zenye maabara. Sisi hatuoni hivyo. Karani anayejaza fomu ya mtoto anaweza kuuliza kama mama alikoma hedhi mapema, na kama babu mzaa mama anatetemeka, bila chombo chochote isipokuwa kalamu. Lakini hawezi kuuliza swali ambalo halimo katika fomu, na fomu hutungwa kwa maneno tunayoyasanifu sisi. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya na watuletee yaliyo bora kuliko hayo.