Moto unazimika, kidonda kinabaki

Wandugu wasomi, leo Tippu Tip apumzike kidogo. Historia ile ya Kasongo tumeikariri tangu shuleni. Nataka niongee historia ya kidonda cha moto.

Tarehe 2/7/2010, lori la petroli lilipinduka Sange, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu. Wengine walikimbilia kuchota, wengine walikuwa wanaangalia mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka. Walikufa watu zaidi ya 230, na majeruhi wakapelekwa lupitali za Uvira na Bukavu. Huku Kabambare, watu walikuwa wanahesabu maiti. Mimi niliwaza wale waliobaki hai, sababu kwetu nyumbani tulishaona.

Mdogo wangu aliangukia sufuria ya mawese yenye kuchemka. Mama mmoja akaleta majivu, mwingine dawa ya meno, mwingine kitambaa cha kitenge. Kila mtu alitia mkono wake, na kwa upendo kabisa. Siku ya tatu mtoto alikuwa anacheka. Siku ya tisa usaha ulikuwa wa kijani, homa ikamchukua.

Tulisema moto ndio umemuua. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka niliposoma habari za daktari Mwingereza, Leonard Colebrook. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, kwanza Glasgow kisha Birmingham, aliona kwamba kidonda kibichi cha moto kina vijidudu vichache. Vingi vinaingia kisha, mulemule lupitali: mikononi mwa wauguzi, katika vumbi la shuka na bandeji, toka kitanda hiki mpaka kile. Basi akaweka chumba cha peke cha kubadilishia bandeji, chenye hewa iliyochujwa. Krimu ya sulfadiazini yenye madini ya fedha, ya Charles Fox, ilikuja nyuma sana, 1968.

Chumba kama kile kwetu utakitoa wapi? Lakini kunawa kwa sabuni kabla ya kila mgonjwa, na kubadilisha glavu, hata sentre ya afya ya porini inaweza. Antibiotiki za kumeza za "kuzuia tu", ambazo tunapenda sana, hazishiki nafasi ya sabuni.

Juzi mtoto wa jirani alimwagikiwa chai ya moto. Bibi yake akatoka jikoni na majivu kiganjani. Nikamwambia, "Bibi, samahani, unisaidie kwanza kushika huyu mtoto." Akamwaga majivu, akanawa, akamshika. Tulimmiminia maji safi ya baridi dakika 20, bibi akinung'unika wakati wote.