Picha za Familia Kashojwa: Tutengeneze Nini, Tuache Nini?

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, yalitambuliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara hadi mwaka 2006, ilipoanzishwa wilaya ya Isingiro. Baadaye walifika Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Kashojwa ni kijiji kimojawapo cha makazi hayo, na kwa Wakongo wengi Kiswahili ndiyo lugha ya kila siku.

Anayekimbia vita hubeba kidogo. Picha hukunjwa ndani ya Biblia au hufungwa katika mfuko wa nailoni. Hulowa, huota ukungu, hupasuka penye kunjo. Hata hivyo, picha moja ya arusi yaweza kuwa ndiyo pekee inayowaonyesha wajukuu sura ya bibi yao.

Hata kwa wenyeji picha zilipotea. Mwaka 1979 mji wa Mbarara ulibomolewa vitani. Oktoba 1982 maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa makwao katika wilaya hiyo, nyumba zikachomwa, na wengi wakakimbilia Nakivale na makazi mengine. Lakini negativu za Musa Katuramu, aliyepiga picha huko Ankole tangu miaka ya 1930, zilisalimika mikononi mwa mwanawe. Mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens na Rumanzi Canon, ulizitia katika kompyuta, na mwaka 2014 kikatoka kitabu cha picha hizo. Kumbe hazina ya historia yaweza kukaa nyumbani mwa mtu.

Ndugu msomaji, lugha zetu zinatufundisha jambo hapa. Waganda huita picha ekifaananyi, neno lenye mzizi mmoja na kufanana kwetu. Wanyankore husema ekishushani, kwa maana hiyo hiyo. Picha, basi, ni mfanano. Programu za leo huweza kubuni jicho au mdomo mahali palipoliwa na ukungu. Sura hupendeza, lakini jicho hilo si la bibi, na mjukuu hatajua.

Kwa hiyo tufuate utaratibu. Kwanza, picha iskaniwe kwa rangi hata kama ni nyeusi na nyeupe, kwa nukta 600 kwa inchi, na nakala hiyo isiguswe kamwe. Pili, iliyoshikana na kioo isibanduliwe. Iskaniwe pamoja na kioo chake. Tatu, marekebisho yafanywe kwenye nakala nyingine: kuondoa madoa, kurudisha rangi, kuziba mikunjo. Palipokosekana uso, paachwe wazi.

Nne, na hili latuhusu sisi wa Kiswahili, upande wa nyuma nao uskaniwe. Huko ndiko watu huandika majina, tarehe, mahali, na neno "ukumbusho". Tahajia isisahihishwe, maana hiyo ni Kiswahili cha watu wenyewe.

Mwanafunzi akienda likizo, akae na wazee, aulize ni nani aliye kwenye picha, aandike jibu kwa maneno yao. Kompyuta itaondoa doa; jina likishasahauliwa hakuna mashine ya kulirudisha.