RELI HAINUNULIWI SOKONI

Mwezi Agosti mwaka 2025, huko Musongati, kusini-mashariki mwa Burundi, ulizinduliwa rasmi ujenzi wa reli itakayoiunganisha nchi hii na Uvinza, Tanzania. Kwa nchi isiyo na pwani, ambayo kahawa na chai yake husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kufika baharini, tukio hilo si dogo. Lakini hii si mara ya kwanza kwa wenye kuitawala Burundi kutafuta reli ya kufikia bahari.

Wajerumani waliifikisha Reli ya Kati Kigoma mwaka 1914. Miaka miwili baadaye majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Kigoma, kisha Tabora. Hata hivyo, vita vilipokwisha, Tanganyika pamoja na reli yake iliwekwa chini ya Uingereza. Ubelgiji ikabaki na Kongo na Ruanda-Urundi, bila njia ya kufikia Bahari ya Hindi.

Je, iliinunua reli? La. Ilijipatia haki ya kupita. Kwa mapatano ya tarehe 15 Machi 1921, Uingereza iliiruhusu kupitisha mizigo yake bila ushuru, ikaikodisha viwanja vya bandari katika Kigoma na Dar es Salaam, kwa faranga moja kwa mwaka, milele. Tangu hapo shehena za Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, zilivuka ziwa kwa meli hadi Kigoma, zikapakiwa katika mabehewa.

Bei ilikuwa rahisi mno, na hapo ndipo ilipokuwa kasoro. Wenye ardhi hawakuulizwa. Wenye mizigo hawakuulizwa. Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alitamka kwamba Uingereza, iliyokuwa mdhamini tu, haikuwa na mamlaka ya kuitoa ardhi ya Tanganyika milele. Milele hiyo ya wakoloni ilidumu miaka 40.

Hata kukodisha reli yenyewe hakuondoi mashaka. Mwaka 2007 Tanzania iliikabidhi Reli ya Kati kwa kampuni ya India kwa miaka 25. Mkataba huo haukufikia hata robo ya muda wake.

Funzo ni dhahiri. Kupata reli si kupata vyuma vilivyolazwa juu ya mataruma. Ni kupata kibali cha mwenye ardhi, vichwa vya treni vinavyotengenezwa kwa wakati, na mizigo ya kutosha kulipa gharama. Safari hii serikali za nchi mbili huru zimepatana zenyewe, na nikeli ya Musongati inatarajiwa kuwa shehena kubwa. Lakini fedha za ujenzi si za faranga moja, na kutoka Musongati hadi Bujumbura bado ni safari ya barabara. Hapana budi wananchi wajue nini kimekopwa, nani atalipa, na lini. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.